Meneja Asiyetaka Kupiga Magoti

Sidhani kuna mwanamke hapa Nakuru aliyepigwa makofi mengi kuliko mimi, na makofi yenyewe karibu yote nilijipigia. Kama unaanza kuigiza, anzia hapo. Mwanamume anarusha mkono, mkono unapita mbele ya uso wako bila kukugusa, wewe unageuka upande ambao watazamaji hawaoni vidole vyako, halafu unapiga viganja vyako mwenyewe kifuani. Ukumbi mzima unashika shavu. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na nimezeeka na meno yangu mdomoni.

Nimeanza na makofi kwa sababu juzi kijana mmoja wa kikundi kipya cha maigizo alikuja kwangu mtaani Section 58 akitaka nimfundishe kuwa mtu mbaya. Shati lilikuwa wazi mpaka katikati ya kifua, na mshipi alikuwa ameushika mkononi badala ya kuuvaa. Nilimuuliza kwa nini hataki kuigiza yule daktari, ambaye ana maneno mengi kuliko wote. Akaniambia, "Mathe, villain ndiye huwa na mafans. Ukigonga dem kwa stage, boys wanakutambua." Nilimwambia kwanza avae mshipi, suruali inashuka. Kisha nikamsimulia habari za Derrick, na kwa kuwa alikuwa akichungulia simu muda wote, naona afadhali niwaandikie nyinyi wengine.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alitoka magharibi akaja kufanya kazi ya mabehewa, na sisi tukakulia kwenye nyumba za reli, ambako kulikuwa na ukumbi wa wafanyakazi na kila jioni mtu fulani alikuwa akiimba au akiigiza. Nilianza nikiwa msichana wa kubeba sinia, nikapanda hadi kuwa mke wa mtu, na mke wa mtu nikabaki kwa miaka mingi, maana kwenye michezo yetu mwanamke akivuka ishirini huwa ni mke au mchawi. Magoti yalipoanza kulia nikahamia pembeni ya jukwaa. Mtu wa pembeni ndiye anayetunza nguo, sahani na viti, ananyamazisha watu, na ndiye anayesema nani aingie na lini.

Kutoka pembeni nimewaona wabaya wa kila namna. Kuna anayecheka kwa sauti nzito mpaka anaanza kukohoa. Kuna anayetembea amepanua mikono, na ukimuuliza kwapa lina nini anasema hiyo ni nguvu. Mmoja tulikuwa naye Gilgil, alikataa katakata kuigiza tajiri bila miwani ya jua. Akaingia nayo ndani ya ukumbi wenye giza, akatoa hotuba yake ya vitisho huku akisonga mbele, na jukwaa likaisha kabla ya hotuba. Alitua kwenye mapaja ya naibu mwalimu mkuu, mama mmoja mnene aliyekuwa akinywa chai. Hakuna aliyemwogopa tena siku hiyo, hata aliporudi na kisu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Opiyo, fundi wa karakana ya reli, aliyekuwa akielekeza michezo jioni akiwa bado na grisi kwenye kucha. Yeye alikuwa na utaratibu wake, na sijauona kwa mwelekezi mwingine. Hakuruhusu mwanamume yeyote kuinua mkono jukwaani kabla mwanamume huyo hajaonyesha ni nani aliyemdhalilisha yeye kwanza. Ukipewa kuigiza mume mkali, wiki nzima hufanyi mazoezi ya ukali. Unafanya mazoezi ya kufokewa na bosi wako, kusukumwa kwenye foleni, kunyimwa kiti, mpaka uso wako uzoee. Wanaume wengi waliona hayo ni matusi na walikimbilia vikundi vingine. Mzee Opiyo hakuwafuata. Aliniambia kwamba mtu anayetaka kuigiza mwenye nguvu tu anataka kujionyesha, na anayetaka kujionyesha aende harusini.

Sasa tuje kwa mchezo wenyewe. Uliandikwa na mwalimu mstaafu wa Njoro, mtu mpole ambaye hangepandisha sauti hata akiibiwa kuku. Mchezo unamhusu Meneja Zablon wa shamba la maua. Zablon ni mtoto wa vibarua. Mama yake alikata maua kwenye shamba hilohilo mpaka vidole vikakataa kunyooka. Yeye akasoma, akapanda cheo, akapewa gari na nyumba yenye bustani, na tangu hapo anawachukia vibarua kwa sababu kila akiwatazama anamwona mama yake. Nyumbani ana mke, Mama Neema, ambaye zamani naye alikuwa kibarua, na jambo hilo Zablon hajawahi kumsamehe.

Halafu kuna Mwenye Shamba, ambaye anaonekana mara moja tu. Anawakuta vibarua wamepanga mstari na Zablon amesimama mbele yao kifua mbele. Anaketi, ananyoosha mguu wenye gambuti, kiatu cha mpira kilichojaa matope, anasema, "Zablon, hivi viatu vinaniumiza." Meneja anawatazama vibarua, vibarua wanatazama chini. Anapiga magoti. Anavuta gambuti la kwanza, anavuta la pili, na muda wote huo Mwenye Shamba yuko kwenye simu akiongea habari za mbwa wake. Katika onyesho linalofuata, au sini kama tunavyoita, Zablon yuko nyumbani, chakula kimepoa, na Mama Neema anakula kofi.

Mtu yeyote asiyelala kwenye kiti anaona kofi hilo limetoka wapi. Mwanamume amemeza dharau ya tajiri mchana mbele ya watu, na kwa kuwa hathubutu kumrudishia aliyempa, ameibeba mpaka nyumbani akamwekea mtu asiyeweza kumfuta kazi. Huo ndio uanaume wote wa Zablon. Ukiumenya hutabaki na kitu mkononi, na mwalimu wa Njoro alitaka tuumenye mbele ya watoto wa shule.

Zablon wetu alikuwa Derrick. Kijana mrefu, sauti nzuri, kwao Dundori, ambako viazi vya baba yake vilifunika mteremko mzima. Baba mtu ndiye aliyetupa pikapu ya kubebea vifaa, jenereta na spika. Kwa hiyo Derrick aliposema anataka kuwa meneja, dairekta wetu Shem hakuona haja ya kumjaribu mwingine. Shem alikuwa mtu wa maneno makubwa na uti wa mgongo wa mkate uliolowa chai. Alipenda kutuambia sanaa haina bwana, huku akifungua mlango wa pikapu ili Derrick apande mbele.

Mwenye Shamba aliigizwa na Elijah, kijana mwembamba anayeongea kidogo. Elijah alijua kukaa kwenye kiti cha plastiki mpaka ukadhani ni sofa. Tatizo ni kwamba mama yake alikuwa akiokota viazi kwa kina Derrick kila msimu, na Elijah mwenyewe utotoni alikuwa akiingia nyumba ile kwa mlango wa jikoni tu.

Siku ya kufanya mazoezi ya viatu, Elijah alinyoosha mguu. Derrick akacheka, sote tukadhani anatafuta pumzi ya kuanza. Kisha akamgeukia Shem.

"Director, hii haiwezekani. Mimi nimpigie Eli magoti? Mathe yake ni mtu wetu wa viazi. Wasee wa kwetu wakisikia watasema nini?"

Elijah aliurudisha mguu chini polepole. Shem alikuna kidevu, akasema hata yeye alikuwa ameona sini hiyo ni ndefu, shule zina kengele, na watazamaji wa siku hizi wanataka vitendo. Nilimuuliza ni kitendo gani kikubwa kuliko mtu mzima kupiga magoti. Alinijibu, "Mambo yamebadilika, Mama Rehema," akakunja karatasi. Sini ikakatwa hivyo.

Hebu angalieni akili hiyo. Kijana anakubali kuigiza mnyanyasaji, mtukanaji na mpiga mke, na katika hayo yote haoni aibu yoyote. Angeweza hata kumwalika mama yake mzazi aje atazame. Kinachomwaibisha ni kuonekana akimvua viatu mtoto wa kibarua. Nimeishi na wanaume wa jukwaani miaka mingi na bado ujinga wa namna hiyo hunishangaza.

Tukaanza kuzunguka shule kwa shule, na hapo ndipo tulipovuna tulichopanda. Bila sini ya viatu, Zablon aligeuka shujaa. Alikuwa tu mwanamume mwenye koti zuri anayewaambia watu la kufanya, na wavulana walimpenda. Akiwatukana vibarua walipiga meza. Akirudi nyumbani wakaona chakula kimepoa, walianza kumhimiza kabla hata hajainua mkono, na kofi lilipolia walisimama juu ya viti. Walimu nao walicheka. Nilimwona mkuu wa idara mmoja, mzee wa kanisa, akifuta machozi ya kicheko kwa tai yake. Baada ya mchezo watoto walimkimbilia Derrick mpaka kwenye pikapu wakitaka aandike jina lake kwenye vitabu vyao.

Sifa zikampanda kichwani. Akaanza kushinda na koti la Zablon hata wakati wa chakula. Wasichana wa kikundi akawa anawaita kwa kupiga vidole. Mtu akichelewa kumletea maji anasema, kwa sauti ya Zablon, kwamba shambani kwake wavivu hawalali, halafu anacheka ili tujue ni mzaha. Shem pia alicheka. Mimi nilimwambia Derrick maji yako kwenye mfereji na mfereji hauna jina la mtu.

Mama Neema aliigizwa na Nekesa, binti aliyelelewa na shangazi yake nyumba ya tatu kutoka kwangu. Sauti yake ilifika nyuma ya ukumbi bila maikrofoni, na alisikiliza wenzake jukwaani, jambo ambalo waigizaji wengi hawalijui. Aliacha kazi ya hoteli ili aigize. Hakuwa na kingine alichotaka duniani.

Katikati ya muhula Derrick alianza kusema kofi la viganja linasikika la uongo. Siku moja mkono wake ukamfikia Nekesa shavuni, akasema ameteleza. Wavulana walipiga kelele kuliko siku zote. Shule iliyofuata akateleza tena, na iliyofuata tena, mpaka nikajua kwamba mkono huo hauna utelezi wowote. Ulikuwa unakwenda kutafuta ile kelele. Nekesa alianza kugeuza kichwa anitegee sikio la pili nikimwita. Aliniambia, "Auntie, hili sikio linavuma kama friji." Nilimpeleka kliniki. Daktari alichungulia akasema ngozi ya ndani imejeruhiwa, na akipigwa tena palepale kabla haijapona huenda asisikie tena upande huo. Aliuliza kama ni mume. Nekesa alimwambia ni wa kuigiza, na daktari akatutazama sote wawili bila kuandika kitu.

Mwigizaji asiyesikia hajui zamu yake imefika. Nilikwenda kwa Shem nikamweleza hivyo, bila mapambo. Shem alisikitika sana, maana kusikitika hakukumgharimu kitu. Akaahidi kuzungumza na Derrick. Alirudi akiniambia kwamba Derrick ana maono yake ya kisanii, kwamba Nekesa avumilie mpaka muhula uishe, na kama hawezi basi kuna wasichana wengi wanaotafuta nafasi. Nikamfuata Derrick mwenyewe pale kwenye pikapu. Aliniambia, "Mathe, hiyo ni method. Acting ya siku hizi inataka ukweli." Nikamwambia vizuri, kama ni ukweli anautaka, basi aanze na viatu. Alipandisha kioo cha gari.

Basi nikatumia kazi yangu. Jina la mtu wa pembeni haliko kwenye bango, lakini hakuna anayeingia jukwaani mpaka nimguse bega. Nilikwenda kwanza kwa Elijah nikamwambia kwamba tukifika shule ya Rongai nataka kumgusa bega. Alielewa mara moja. Akasema tukifanya hivyo mama yake ataambiwa asirudi shambani. Nilimwambia najua, na kwamba akikataa sitamlaumu, wala sitamwambia mtu. Alikwenda nyumbani kumuuliza mama yake mwenyewe. Alirudi na magambuti ya mama yake ndani ya mfuko wa nailoni, matope ya Dundori yakiwa bado yameshika soli, akasema mama amesema viazi haviokotwi kwa kina Derrick tu.

Aliyebaki ni Nekesa, kwa maana hasira yoyote ambayo tungemtia Derrick ingefika kwake. Sini ya nyumbani inafuata palepale. Nilimweleza kwamba nitaisogeza meza ikae katikati yao na kwamba nitakuwa hatua chache kutoka kwake, lakini mimi ni mwanamke wa magoti mabovu na Derrick ni kijana mrefu. Nilimwambia bado anaweza kusema hapana.

"Atanigonga tu, Auntie, hata msipofanya kitu," alisema. "Afadhali anigonge watu wakijua ni kwa nini."

Nawaambia kabisa kabla sijafika Rongai, ili msije mkangoja miujiza. Mama Elijah aliambiwa asirudi, na ilimchukua muda kupata shamba lingine. Pikapu ilirudi Dundori pamoja na jenereta na spika, na kikundi hakikufika mwisho wa mwaka. Shem siku hizi anauza bima na bado anasema sanaa haina bwana. Derrick anatafuta kiti cha siasa. Ukipita barabara ya Dundori utaiona picha yake kubwa kwenye bango, amemshika mkono bibi kizee kibarua na kutabasamu vizuri sana. Hapo ameigiza kuliko alivyowahi kuigiza kwetu.

Shule ya Rongai ilikuwa ya wavulana wa bweni. Tuliigizia kwenye ukumbi wa kulia chakula, ambao ulinuka kabichi, na meza za mbele zimesukumwa ukutani kupisha jukwaa. Wengi wa wavulana wale ni watoto wa watu wanaolima, wengine kwenye ekari za baba zao na wengine kwenye ekari za watu. Wakati wa likizo wanabeba magunia ya mahindi. Walikuwa wamesikia sifa za Zablon kutoka shule nyingine, na Derrick alipoingia na koti lake walimpokea kwa kelele kabla hajafungua mdomo. Aliwatukana vibarua, wakapiga meza. Akanyoosha kidole, wakapiga tena. Nilimtazama kutoka pembeni, akajaa na kung'aa mbele ya watoto.

Alipomaliza hotuba alikuwa ajigeuze aende nyumbani kwake. Badala yake nikamgusa Elijah bega.

Elijah aliingia na kiti cha plastiki mkononi. Hakukimbia wala hakujivuna. Alikiweka kiti katikati, akaketi, akavuta suruali kidogo kwenye magoti namna wenye mali wanavyofanya. Vibarua wetu, ambao niliwaambia tu wapange mstari kama zamani, wakapanga mstari. Elijah akatoa simu, akanyoosha mguu, na matope yakadondoka sakafuni.

"Zablon," akasema, "hivi viatu vinaniumiza."

Wavulana wakamngoja shujaa wao. Derrick alicheka kidogo. Alitazama upande wangu na mimi nikamtazama. Akamwambia Elijah kwa sauti ya chini atoke. Elijah alikuwa ameanza kuongea kwenye simu habari za mbwa, jinsi anavyokula na jinsi anavyolala, na mguu ulikuwa palepale. Mmoja wa wavulana akacheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomvunja Derrick, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika muhula mzima hakikuwa chake.

"Wewe Eli, ni wewe wa kunipea mguu?" alisema, na sasa sauti ilikuwa ya kwao nyumbani, si ya Zablon. "Mathe yako saa hii ako kwetu kwa matope anaokota viazi. Akimaliza anapewa chai huko nje. Wewe ni wa kunipea mguu mimi?"

Mwalimu wa fasihi alinijia baadaye na daftari akitaka kujua maneno ya viazi yako ukurasa gani, kwani ndiyo yaliyomfafanua mhusika vizuri kuliko yote. Nilimwambia mwandishi aliyaongeza dakika za mwisho.

Lakini wavulana hawakuhitaji ukurasa. Waliyajua maneno hayo kwa kuyasikia yakiambiwa mama zao kwenye milango ya watu. Walikuwa wakicheka, na sasa walikuwa wametambua walikuwa wakimcheka nani. Kijana mmoja aliyekuwa amesimama juu ya kiti alishuka. Elijah aliondoa simu sikioni. Bado hakutoka nje ya mchezo. Alimtazama Derrick kutoka pale kitini, kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama maisha yake yote.

"Zablon," akasema, "mguu bado uko hapa."

Nyuma ya ukumbi mtu akapiga makofi, kisha wengine, kisha ukumbi wote. Hawakuwa wakimpigia meneja. Derrick hakupiga magoti. Aligeuka akaja pembeni, jasho likimtoka chini ya koti, akaniuliza kwa meno yaliyofungwa ni nini hiki nimemfanyia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, nimeyapanga tangu ile siku ya kliniki. Yote nikayasahau. Nilimwambia tu kwamba sini inayofuata ni ya nyumbani na watu wanangoja.

Nilidhani ataondoka. Angeweza kuvua koti, apande pikapu na kutuacha Rongai. Lakini mtu wa namna ile hawezi kuacha watu na picha hiyo akilini. Ilikuwa lazima arudishe kelele zake, na alijua mahali pamoja tu pa kuzipata. Nikaona macho yake yakienda kwa Nekesa, ambaye tayari alikuwa anapanga sahani mezani, na nikaogopa kweli. Niliisukuma meza kidogo zaidi kwa mguu.

Aliingia kwa kishindo akaizunguka meza yangu kama haikuwepo. Akafunua sahani. Ilikuwa ugali na kabichi tuliyoomba jikoni mwa shule. Akasema chakula kimepoa. Nekesa alisema, kama ilivyoandikwa, kwamba kimemngoja tangu saa saba. Derrick akainua mkono juu kabisa, si mkono wa jukwaani, mkono wa kupiga mtu, na Nekesa hakugeuza kichwa wala hakuandaa viganja.

Kisha akafanya alichokuwa akifanya kila shule. Alingoja. Aliinamisha sikio kidogo upande wa ukumbi, angoje wamhimize.

Hakuna aliyemhimiza. Wavulana mia na zaidi walikuwa wakimtazama mtu mzima aliyesimama na mkono hewani. Mimi nilikuwa nimeingia nusu jukwaani bila kujua, nimeshika sufuria. Mkono ule ulikaa juu mpaka ukaanza kuchoka, nao ukashuka wenyewe, ukatafuta mfuko wa koti, ukakosa mlango wa mfuko, ukarudi kuutafuta tena.

Baada ya kofi, Mama Neema ana neno moja tu kwenye mchezo ule. Mwalimu wa Njoro aliniambia aliandika mchezo mzima kwa ajili ya neno hilo, na muhula wote hakuna aliyewahi kulisikia, kwa sababu ya kelele. Nekesa alilisema pale, bila kupaza sauti, na likafika mpaka kwa wapishi waliokuwa wanachungulia dirishani.

"Umemaliza?"

Kwenye maandishi Zablon anajibu kwa hotuba ndefu. Derrick alikuwa bado anatafuta mfuko. Nekesa alimngoja kwa heshima, muda wa kutosha, ili kila mtu aone amengojwa. Kisha akavuta kiti, akaketi, akaisogeza sahani ya meneja mbele yake na kuanza kula.